Herufi za mwanzo katika Kiingereza: K isiyosemwa, W isiyosemwa, na jamaa zao



Wenye kuandaa karatasi hizi waliniomba niandike juu ya nidhamu ya etide ya jioni, kwa kuwa mimi ndimi kapita wa wanafunzi. Nilianza vizuri na nidhamu, lakini nilijikuta ninaandika juu ya Kiingereza. Mutanisamehe. Mambo haya mawili yalikutana usiku mmoja, na mimi siwezi kuyatenga.

Ilikuwa hivi. Muhula uliopita, kalasi moja ya chini ilifanya dikte ya Kiingereza, maneno kumi: knife, knee, know, knock, knot, write, wrong, wrist, wrap, wring. Mdogo mmoja alipata zero juu ya kumi. Aliandika nife, ni, no, nok, not, rait, rong, rist, rap, ring. Muangalie vizuri mbele ya kucheka. Aliandika sawasawa na vile sikio lake lilisikia, na sikio lake halikukosa hata mara moja. Tena no, not, rap na ring ni maneno ya kweli ya Kiingereza, ila si yale yaliyoombwa.

Jioni ile, katika etide, nilimkuta amelaza kichwa juu ya kaye. Nyuma ya kaye alikuwa ameandika kwa biki nyekundu: Kiingereza ni lugha ya uongo. Mimi, kama kapita, nilimpa azabu: aandike kila neno mara hamsini. Alipofika kwa mara ya ishirini ya knife aliinua kichwa, akaniuliza: «Yaya kapita, unisamehe. Hii k, nani anaisema?»

Nikamujibu: «Hakuna mtu anaisema.»

«Sasa inafanya nini pale?»

Nikasema: «Mdogo wangu, ni vile tu. Andika.»

Akaandika. Lakini mimi sikulala vizuri. Ninapata pointi za kutosha katika Kiingereza, na sikujua jibu. Nilikuwa nimemwazibu mtu juu ya kitu ambacho mimi mwenyewe sikukielewa. Zaidi ya hiyo, wengine watatu wa kalasi ile walikuwa wamekwisha kusema wazi kwamba siku ya mtihani wataacha ukurasa wa Kiingereza mweupe, kwani ni heri kuacha kuliko kuandika na kuchekwa. Hiyo si mchezo. Pointi zile zinahesabiwa. Tena tangu nchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, Kiingereza si lugha ya mbali sana kwetu; mutu akifika mpakani Kasindi atakisikia mara moja kwa madereva.

Kesho yake nilimfuata mwalimu wetu wa Kiingereza, akanifungulia diksionere kubwa, nikakaa nayo siku nyingi. Haya ndiyo niliyoyapata.

K YA «KNIFE»

Jibu la kwanza ni hili: k ile ilikuwa inasemwa. Waingereza wa zamani walisema kabisa «k-nif», «k-nii», «k-not», k na n pamoja, bila kuacha kitu. Katika Kiingereza cha zamani sana waliandika knife hivi: cnif, na ile c ilisomwa k. Basi mwaka 1476 William Caxton alifungua mashine ya kuchapa vitabu kule Westminster karibu na London, na polepole wachapaji walianza kukaza namna ya kuandika maneno. Kisha, katika miaka ya 1600, midomo ya Waingereza ilichoka na k ile, wakaanza kuiacha. Lakini vitabu vilikuwa vimekwisha kuzoea. Mdomo ulikwenda mbele, mkono ulibaki nyuma. Ndiyo sababu tunaandika Kiingereza cha mababu na kusema Kiingereza cha wajukuu.

Ninaongeza jambo moja kwa sababu sisi ni shule ya Kiprotestanti. William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, alipofika Mathayo 7:7, pale Yesu anasema juu ya kupiga hodi, aliandika neno knock. Na katika siku zake k ile ilikuwa bado inasikika. Tyndale aliuawa mwaka 1536 kwa ajili ya kazi ile ya kutafsiri. Hakuuawa Uingereza. Ni kule Vilvoorde karibu na Bruxelles, katika nchi ambayo leo inaitwa Ubelgiji.

Na kwa kuwa tumetaja Ubelgiji: wale Wabelgiji wanaoitwa Waflama, ambao wengi wao walikuja hapa Kongo wakati wa ukoloni, wanasema mpaka leo «knie» kwa goti, na k yao inasikika kabisa. Wadachi wa Ujerumani vilevile: Knie, Knoten, k inalia. Lugha hizi na Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja. Kiingereza tu kimenyamaza.

Sasa muangalie neno ambalo wote munalijua katika Kifaransa: canif, kisu kidogo cha mfukoni. Canif na knife ni neno moja! Wafaransa walilipata kwa watu wa kaskazini, lakini mdomo wao haukupenda k na n kufuatana, basi wakatia a katikati: ka-nif. Kama munacheka, mukumbuke sisi tulifanya nini na classe ya Wafaransa. Mdomo wetu haukupenda k na l pamoja, tukatia a katikati, tukasema kalasi. Mfaransa alifanya canif sawasawa vile sisi tulifanya kalasi. Mwingereza hakutia kitu. Alitupa k yenyewe, akaiweka katika maandiko kama picha ya babu ukutani.

Kuna jamaa zaidi. Knee ni goti. Kwa Kifaransa ni genou, na katika Kilatini genu. Muone g na n: ni ndugu wa k na n. Tena know, kujua: jamaa yake katika Kifaransa ni connaître na hata ignorer, ambamo gn iko wazi katikati. Mtu akisahau kama know inaandikwa na k, afikiri juu ya ignorer. Mimi ninafanya hivyo katika kila dikte na sijakosa tena.

Neno lililonipendeza kupita yote ni knight. Kwa Kiingereza cha leo ni askari mwenye cheo, apandaye farasi, yule Wafaransa wanaita chevalier. Lakini zamani cniht ilitaka kusema kijana tu, au boyi wa kutumwa. Huko Uingereza neno lilipanda cheo pamoja na vijana waliotumika kwa wafalme. Huko Ujerumani neno lile lile, Knecht, lilibaki chini: mpaka leo ni mtumishi, mtu wa kazi za shamba. Ndugu wawili, mmoja juu ya farasi na mwingine nyuma ya ng'ombe. Mimi kapita nilisoma hayo, nikafunga diksionere kidogo.

Mutauliza: kama k imekufa, si ingekuwa heri kuitupa katika maandiko pia? Sikubali. Inatusaidia machoni. No ni hapana, know ni kujua. Not ni ya kukana, knot ni fundo la kamba. New ni kipya, knew ni nilijua. Night ni usiku, knight ni yule wa farasi. Sikio haliwezi kuyatenga, jicho linayatenga mara moja. Yule mdogo alipoandika «I no» badala ya «I know», mwalimu alisoma «mimi hapana».

Na sasa tunafika kwa maana. Muweke pamoja knot, fundo, knuckle, kifundo cha kidole, knee, goti, knob, kitu cha mviringo cha kushikia mlango, knoll, kilima kidogo cha mviringo. Munaona nini? Vyote ni vitu vilivyotokeza kama nundu. Na Kiswahili chetu kinafanya hivyo hivyo, kwani fundo liko katika kamba na kifundo kiko katika mwili. Lakini hapa ninawaonya: knife si nundu, know si nundu, kneel ni nundu kwa sababu tu ni mtoto wa knee. Jamaa ipo, lakini si watu wote wa kijiji ni wa jamaa.

W YA «WRONG»

Hapa ndipo utajiri uko.

Mwaka 1653 mtu mmoja jina lake John Wallis alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza, akakiandika kwa Kilatini ili wageni nao wapate kujifunza. Wallis hakuwa mwalimu wa lugha. Alikuwa mchungaji, tena alikuwa profesa wa jometria kule Oxford. Ni yeye aliyeweka katika hesabu, mwaka 1655, ile alama ya ∞ ambayo sisi wa kalasi ya mwisho tunaiandika kila wiki katika limiti. Na wale wanaosoma historia ya Kanisa wajue kwamba alitumika kama mwandishi katika mkutano wa Westminster, ule uliotoa Katekisimu ya Wapresbiteri.

Huyu Wallis aliona jambo: maneno mengi ya Kiingereza yanayoanza na wr yanaonyesha kitu kilichopindika au kinachozungushwa. Wakati wa kusoma hayo nilichukua kaye yangu na kujaribu mwenyewe. Wring ni kukamua nguo, na munajua namna mama anavyokamua: mkono mmoja huku, mwingine kule, nguo inajipota kama kamba. Wrist ni pale saa inapofungwa, mahali mkono unapozungukia. Wrap ni kuzungushia kitu karatasi au kitenge. Wrinkle ni mkunjo wa uso wa mzee au wa shati lisilopigwa pasi. Wriggle ni kujinyonganyonga kama funza. Writhe ni kujipinda kwa maumivu. Wrench ni ile kle ya mekanisie ya kuzungushia bulo. Wreath ni taji la maua yaliyosokotwa, yale yanayowekwa kaburini. Wrestle ni kupigana mwereka, watu wawili wanapopotana mpaka mmoja anaanguka; ni neno la Yakobo katika Mwanzo 32, alipopigana usiku kucha na uvungu wa paja lake ukateguka. Hata wrath, hasira, ni wa jamaa ya writhe: hasira inampinda mtu ndani.

Kisha nikafika kwa wrong.

Wrong tunaifasiri «kosa», «si sawa». Lakini zamani ilitaka kusema kilichopindika, kisichonyooka. Na mwenzake right ilitaka kusema kilichonyooka, kama mstari wa rula. Basi Mwingereza anapoandika wrong juu ya kazi yako, kwa asili ya neno anasema: hapa umepinda.

Mukimbie sasa kwa Kifaransa. Avoir tort: hii tort inatoka kwa Kilatini tortus, nayo ni kitu kilichopotwa, kilichosokotwa, ndugu zake ni tordre na torsion munayosoma katika fizika. Na kinyume chake? Droit, iliyonyooka. Mukimbie tena kwa Kiswahili. Mtu mbaya tunasema amepotoka, na kupotoka kunatoka kwa kupota, kama vile kupota kamba. Mtu mwema tunamwita mnyofu. Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili: Kiswahili si ndugu wa hizo mbili, tena hakikuiga kwao, na bado zote zinasema neno moja, kwamba ubaya ni kitu kilichopotwa na wema ni kitu kilichonyooka. Nilipoona hayo nilimwita yule mdogo kutoka kitandani, ingawa taa zilipashwa kuzimwa. (Walimu mutanisamehe, hiyo ndiyo nidhamu niliyotumwa kuandika.) Alisikiliza, kisha akasema polepole: «Basi wrong inaandikwa na w juu imepinda.» Tangu siku ile hajaandika rong tena.

Na w yenyewe, ilikuwa inasemwa? Ndiyo, sawasawa na k. Waflama wanasema mpaka leo wringen kwa kukamua, na herufi ya kwanza inasikika kama v mbele ya r.

Lakini Wallis, pamoja na akili yake yote, angeweza kutudanganya kama tungemfuata bila kufikiri. Write haina kitu cha kupinda. Zamani ilitaka kusema kukwaruza, kuchora kwa ncha kali juu ya mti au jiwe, kwa kuwa ndivyo watu wa kwanza walivyoandika. Wreck, chombo kilichovunjika baharini, na wretch, maskini wa mwisho, wanatoka katika jamaa nyingine, ya kufukuza na kusukuma: wreck ni kitu ambacho maji yalisukuma mpaka pwani, wretch alikuwa mtu aliyefukuzwa kwao. Na wren ni ndege mdogo tu. Mwalimu alinishauri nisitafute kumpinda ndege.

JUU YA NINI SISI TUNADANGANYIKA UPESI

Nimefikiri sana juu ya hiyo. Sisi wenye Kiswahili tunapenda kuamini kwamba mwanzo wa neno una maana, kwa kuwa kwetu ni kweli. Mtoto, watoto, kitoto, utoto, jitoto: mwisho haugeuki hata kidogo, ni mwanzo unaofanya kazi yote. Ukisikia ki- unajua, ukisikia u- unajua. Kiingereza kinafanya kazi hiyo mara nyingi kwa nyuma: child, childish, childhood. Mwanzo umesimama, mkia ndio unaotikisika. Kwa hiyo mtu asitafute wr au kn iwe kama ki- na vi- zetu. Ki- ni sheria. Wr ni mfanano wa jamaa, kama vile pua za watoto wa nyumba moja.

Na kwa kuwa nimesema pua, nipite upesi kwa sn. Snore ni kukoroma, sniff ni kunusa, snort ni kutoa pumzi kwa nguvu puani, snout ni pua ndefu kama ya nguruwe, snot ni kamasi, snuff ni tumbako ya kunusa. Yote ni puani! Tena sneeze, kupiga chafya, zamani haikuanza na sn. Ilianza na fn, kama fnesan. Baadaye maneno ya fn yalikwisha katika lugha, na neno hili likahamia kwa sn, kwa wenzake wa pua, kama mwanafunzi anayebadilisha shule. Lakini snake ni nyoka, snow ni teluji, snail ni konokono, wala pua haimo.

Gl nayo ni ya mwanga: glow, gleam, glitter, glimmer, glint, pamoja na glass, kioo. Hata glad, mwenye furaha, zamani ilitaka kusema kinachong'aa, na mutakubali kwamba uso wa mtu mwenye furaha unang'aa. Glory inafanana nao lakini ni mgeni kutoka Kilatini gloria. Glue ni gundi, glove ni kivazi cha mkono. Hakuna mwanga hapo. Mwaka 1930 Mwingereza J. R. Firth aliyapa makundi kama haya jina, fonestimu. Halitaulizwa katika mtihani, munaweza kulisahau.

WH NA TH KWA WANAOANZA

Wadogo wa kalasi za chini, sehemu hii ni yenu, na hapa karibu ni sheria kweli.

Wh inauliza. Who, nani, what, nini, where, wapi, when, wakati gani, which, ipi, why, juu ya nini. Katika Kifaransa ni qu inayouliza: qui, que, quoi, quand, quel, na wh na qu ni ndugu wa kale. Zamani Waingereza waliandika hw, h mbele, hwa na hwæt, kisha wakageuza. How, namna gani, ni wa jamaa ile ile, ila w yake imepoteza nafasi ya mbele.

Th inaonyesha. That, ile, there, pale, then, wakati ule, this, hii, thus, vile.

Sasa muweke pamoja: where inauliza, there inajibu. When inauliza, then inajibu. What inauliza, that inajibu. Na ikiwa kitu kiko karibu na mimi, ninatia h: here. Ndiyo Kiswahili kabisa: wapi? pale, hapa. Hata h yetu ni ya karibu: huyu, hiki, hapa, huku, humu. Wanaosoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 watakutana na whither, thither, hither, yaani kwenda wapi, kwenda pale, kuja hapa. Na whence, thence, hence, yaani kutoka wapi, kutoka pale, kutoka hapa. Maneno haya yanatisha wengi. Mukijua mlango wa mbele, nyumba nzima inafunguka. Mujihadhari tu: whale ni nyangumi, haulizi mtu kitu, na thumb ni kidole gumba.

Nilifanya somo hili kwa mdomo kwanza, jioni tatu, katika etide ya kalasi ile ya chini, kwa ruhusa ya mwalimu. Wale watatu waliotaka kuacha ukurasa mweupe walikuja, mmoja wao kwa kubisha tu. Dikte iliyofuata yule mdogo alipata saba juu ya kumi. Alikosa answer, sword na two.

Wiki jana alinisimamisha karibu na bomba la maji. «Yaya, ulisema w inanyamaza mbele ya r. Lakini katika two inanyamaza na hakuna r.»

Nilianza kutafuta la kujibu. Hakuningoja. Alitoa karatasi mfukoni, ameandika: two, twelve, twenty, twice, twin. Akasema: «Niliziona mwenyewe. Mbili, kumi na mbili, makumi mawili, mara mbili, pacha. W inalala katika two, inaamka katika twelve.»

Nilimwongezea between, katikati ya wawili. Zaidi sikuwa nayo.

Kwa wasomaji ninabakisha swali moja. Twist inataka kusema kupota, na ingeweza kuanza na wr kama wenzake wote wa kupota. Juu ya nini inaanza na tw? Aliyewahi kupota kamba kwa mikono yake anajua kamba inaanza na nyuzi ngapi. Majibu mutayatia katika sanduku la karatasi hizi mbele ya Ijumaa, na walimu vilevile wanaruhusiwa.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho